Shoga yangu Zuhura, ni yale mambo ya Shabani

Kimamba, Jumapili jioni

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mama naye hajambo ila magoti yanamsumbua tangu masika. Najua nimekaa kimya tangu ile arobaini na una haki ya kuninunia. Ninunie baadaye. Leo nina shida, na shida yenyewe ni mdogo wangu Shabani.

Habari za mabati najua ulizipata, maana umbea hufika Tanga kabla ya basi. Ni kweli aliyachukua. Mabati matatu ya darasa jipya, shule ileile aliyosoma, akayauza kwa bei ya kutupa. Siku ya hukumu nililia, kisha nikashusha pumzi: hakimu alimpa miezi sita, halafu akamwuliza kama yuko tayari kuitumikia nje kwa kufanya kazi bila malipo. Shabani alijibu "ndiyo" swali halijaisha. Sheria hiyo ya huduma kwa jamii ipo tangu 2002, ila huku kwetu kila mtu anaiita kifungo cha nje. Ni ya wale ambao kifungo chao hakizidi miaka mitatu, na ukikaidi unarudishwa ukamalizie ndani. Shika hapo pa kurudishwa ndani, nitaparudia.

Akapangiwa kazi shuleni hapohapo. Anafagia, anachota maji, amechimba shimo la choo peke yake. Watoto wakambatiza Mwalimu Bati. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema bora aone haya kila asubuhi mbele ya wale aliowaibia kuliko kwenda kulala gerezani na majambazi akarudi amefuzu. Hasara ilikuwa moja tu: mfungwa wa ndani analishwa na serikali, wa nje namlisha mimi, na kijana akitoka kuchimba choo anakula ugali kama timu nzima ya mpira.

Basi wiki tatu zilizopita akarudi ana tope hadi magotini. Nikamwuliza, shule imeanza kulima mpunga lini? Kimya. Kesho yake tena. Siku ya nne ndipo akasema: yule anayemsainia daftari anampeleka ng'ambo ya mto kupalilia shamba lake. Lake mwenyewe, Zuhura. Wiki iliyofuata akamsombesha matofali ya nyumba anayojenga. Nikasema kwa nini hukukataa? Akanitazama kama mtoto mdogo. "Dada, daftari analo yeye." Akisaini, siku imehesabika. Asiposaini, Shabani ni mtoro, na mtoro anarudishwa kwa hakimu.

Mama aliposikia alisema neno moja tu: "Manamba." Unajua babu yetu alitoka Kasulu akaja kukata mkonge hapa Kimamba, si kwa kuupenda, alikuwa anatafuta hela ya kodi ya Mwingereza. Aliyeshindwa kulipa alipelekwa kutengeneza barabara mpaka deni liishe. Mama anasema baba yake hakuwahi kulalamikia uzito wa kazi. Alichokuwa akikisimulia ni ile namba, kuitwa kwa namba. Sasa mama anamwona Shabani anatoka alfajiri na jembe begani na... basi. Tangu siku hiyo hazungumzi sana.

Nilitaka kumjibu mama kwamba haya si yale. Babu hakuiba kitu, Shabani kaiba. Unakumbuka chuoni tulivyokariri ibara ya 25 ya Katiba kwa ajili ya mtihani wa uraia? Hakuna kazi ya shuruti katika Jamhuri ya Muungano, halafu chini yake: kazi inayotokana na hukumu au amri ya mahakama haihesabiwi. Wakati ule tuliipita kama dawa chungu. Sasa mtoto wa jirani anayesoma sheria kanionyesha kwenye simu Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930. Nao unairuhusu kazi ya mtu aliyehukumiwa, lakini kwa sharti kwamba mamlaka ya umma ndiyo inasimamia, na mtu huyo hakodishwi wala hawekwi mikononi mwa mtu binafsi au kampuni. Mwaka 1930! Wakoloni wenyewe walijua mchezo utakapochezewa.

Kwa hiyo mimi na jembe hatugombani. Akichimbe choo cha shule mpaka kifike maji, amelikosea lile darasa. Lakini ule mpunga ng'ambo ya mto aliukosea nini?

Nimekwisha kuandika malalamiko mara mbili nikayachana. Shabani amebakiza wiki saba. Ananiomba ninyamaze, anasema wiki saba ni mpunga tu, utaisha. Nami nikimtazama mikono yake nataka kupiga kelele, nikikumbuka daftari naogopa. Na atakayekuja baada yake je? Nasikia kuna kijana mwingine kapangiwa, wa kesi ya kuku.

Sasa niambie. Shemeji bado yuko mahakamani pale, au alihamishwa? Anaweza kumwuliza mtu taratibu, bila kutaja jina? Malalamiko nimpelekee afisa probesheni wa wilaya, yule anayesimamia vifungo vya nje, au nirudi moja kwa moja kwa hakimu aliyetoa adhabu? Siku alizofanya kazi shambani zikigundulika, zitafutwa aanze upya, au adhabu itamwangukia mwenye shamba? Nikiwa na picha za simu zinasaidia au zinaniponza? Na wewe mwenyewe, angekuwa mdogo wako, ungenyamaza wiki saba?

Usinipigie usiku, Shabani analala chumba cha pili na hajui kama nimekuandikia. Piga saa nne asubuhi, muda huo yuko ng'ambo.

Ni mimi shoga yako,
Mwajuma

Lile khanga lako bado ninalo, sijalivaa. Mara moja tu, harusini.