Tui linakatika, nao wanashangilia

Shoga yangu Salma,

Assalaam alaykum. Najua umeninunia, na una haki. Miezi minane sijakuandikia. Zile salamu zako za Idi nilizisikiliza zote, nikasema nitajibu kesho, na kesho yenyewe ndiyo leo. Niwie radhi. Hamad mzima, watoto wazima, mvua haiishi. Mengine baadaye, maana nina shida na mama yako.

Si shida mbaya. Jumapili nimeahidi kupika shelisheli la nazi, hapa Grenada, visiwa vya Karibi, mbele ya watu waliozaliwa wakalikuta mezani. Na wewe unanijua. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya mbuzi nikakuna nazi, mama yako akapika, wewe ukaonja mpaka likaisha.

Ilianza hivi. Jirani yetu, mtaa mzima unamwita Tantie, yaani shangazi, alitualika kula oil down, chakula chao cha taifa. Sufuria inapangwa: shelisheli chini, ndizi mbichi, vidonge vya unga, majani ya majimbi juu. Halafu manjano, ambayo wao wanaiita zafarani (nikamwambia zafarani ya kweli ungeinunua kwa kupima kama dhahabu, akanitazama tu). Juu ya yote hayo linamiminwa tui, kifuniko, moto. Basi. Hakuna anayekoroga! Mkono unaniwasha, natafuta mwiko. Nikamwambia, Tantie, tui litakatika. Akasema, hilo hasa ndilo tunalolingoja.

Salma, wallahi! Linachemka mpaka linakauka lote, mafuta yanabaki chini ya sufuria, na ndiyo maana ya jina lenyewe, mafuta kushuka. Kwetu bi harusi akikatisha tui mbele ya mawifi atasimuliwa mpaka awe na wajukuu. Muulize Bi Time.

Wao wanatia mkia wa nguruwe wa chumvi. Tantie alishajua sisi ni nani, akanitengea kisufuria changu na samaki wa chumvi. Harufu ni ya ng'onda kabisa, nikajiona niko kwetu Wete, Pemba. Lakini samaki mwenyewe si wa hapa. Anatoka bahari za baridi za Kanada, mazoea ya tangu utumwa, wenye mashamba walipomnunua kwa bei rahisi kuwalisha watumwa. Na shelisheli nalo vivyo hivyo: Bligh, nahodha Mwingereza, alileta miche kutoka Tahiti mwaka 1793 mpaka St. Vincent, kisiwa cha jirani, kwa ajili ya matumbo ya watumwa. Tantie ananihadithia haya huku anapakua. Mimi mtoto wa mashamba ya karafuu nitajibu nini? Nilikula. Nikaongeza.

Kungumanga ndiyo fahari yao, mpaka kwenye bendera ipo. Nyama ya tunda wanapikia jamu, kokwa wanaikwaruzia juu ya kila kitu, na basibasi, ule utando unaoifunika kokwa, inaanikwa nyekundu kama utepe. Miti ya Tantie iliangushwa na kimbunga Ivan mwaka 2004, akapanda kakao, kwa sababu mkungumanga unataka miaka saba au zaidi ndipo uzae, na yeye, anasema, hana miaka ya kusubiri mti. Nikamweleza yanayosemwa kwetu kuhusu kungumanga na mambo ya chumbani. Alicheka mpaka akakohoa. Sasa kila akiniona ananiuliza hali ya Hamad.

Ijumaa jioni tunakwenda Gouyave, mji wa wavuvi. Barabara moshi mtupu, kamba koche juu ya makaa, na lambie, kome mkubwa wanayemtwanga alainike kama sisi tunavyompiga pweza. Mtamu, ila pweza ni pweza.

Ehe, tui. Nilijitapa, hapo ndipo nilipojiponza. Nilisema kwetu shelisheli linaelea kwenye tui zito, jeupe, halikatiki hata kidogo. Tantie akasema, Jumapili tuone. Hamad naye badala ya kunisaidia ananiambia likikatika niseme nimepika chakula chao.

Kwa hivyo mkalishe mama umuulize. Shelisheli analichemsha kwanza na tui la pili, au na maji matupu? Tui zito analitia lini, na anakoroga mpaka lini? Chumvi mwanzo au mwisho? Ndimu je, au ndiyo inayokatisha? Anatia pilipili nzima au anaipasua? Mwambie aseme kwa vipimo, asinambie "kiasi".

Na Bi Time ameshasema na mwanawe? Ule mkarafuu wa mpakani umeshaamuliwa ni wa nani? Na wewe, yule wa Chake Chake kaja au kaishia kwenye simu? Mbona hukunambia mwenyewe, mpaka nisikie kwa Zuhura?

Nijibu kabla ya Jumapili. Nyinyi mko mbele yetu saa saba, usinipigie alfajiri yenu, mimi nitakuwa ndiyo kwanza nalala.

Wasalaam,
Asha