Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tuliouliza kwa Nini Dawa Hugoma

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi naomba nafasi yangu niitumie kwa jambo lililotukalia rohoni mwaka mzima sisi tunaotibiwa au kuuguza saratani: dawa kugoma, yaani kuacha kuuzuia uvimbe.

Mwezi Machi dada yetu mmoja alitoka kliniki akaja moja kwa moja kikaoni. Alikuwa amemaliza dripu ya nne ya ile dawa nyekundu kama juisi ya rozela, na ameambiwa uvimbe unakua tena. Akaniuliza, "Mwenyekiti, nimekosea wapi?" Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo: hakukosea popote. Mwaka 1976 Juliano na Ling walieleza protini iitwayo P-glaikoprotini, ambayo hukaa kwenye ukuta wa seli kama pampu. Dawa ikiingia, inatolewa, kama mvuvi anavyofua maji ya dau kwa upo. Tena pampu hiyo moja hutoa dawa za aina nyingi, ndiyo maana kubadilishiwa dawa wakati mwingine hakusaidii. Kugoma huku, yaani usugu, kuna sababu nyingine pia, lakini hii ndiyo tuliyoielewa vizuri.

Kutoka hapo tukajifunza habari za chembe za nano, chembe ndogo mno za kubebea dawa. Dawa hufungwa ndani ya kiputo cha mafuta, chembamba kuliko unywele mara mia kadhaa. Seli hukimeza kiputo kizima, dawa ikafunguka ndani, mbali na pampu. Watafiti wengine hukipachika protini inayonasa alama za seli ya saratani, kisipotee njia.

Wazo hili nalipenda sana, na kwa sababu nalipenda sitaki tudanganyane. Doxil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, ni dawa ileile nyekundu ndani ya kiputo, bila protini ya kunasa. Faida yake kubwa ni kuupunguzia moyo madhara. Mapitio ya tafiti za wanyama ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba kwa kawaida haifiki hata asilimia 1 ya chembe zilizodungwa inayoingia kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na wengu. Hata hivyo Vyxeos, kiputo chenye dawa mbili kilichoidhinishwa 2017, kiliwafikisha wazee wenye aina kali ya saratani ya damu miezi tisa na nusu hivi ya kuishi, badala ya sita ya matibabu ya kawaida. Muulizeni aliyeuguza kama miezi hiyo ni michache.

Agosti wenzetu wawili waliuziwa kwa simu "maji ya nano". Fedha zilikwenda, na mmoja akaruka dripu mbili. Hilo liliniuma kuliko lolote mwaka huu. Kamati imeamua: mwanachama akiletewa dawa ya namna hiyo, aje na jina lake kikaoni na kwa daktari wake kabla ya kutoa hata shilingi.

Kikao cha kwanza ni Jumamosi ya mwisho ya Januari. Njooni na kadi zenu za kliniki, tuandike pamoja majina ya dawa mnazotumia. Dada yetu wa Machi ameanza dawa nyingine, na amesema atakuwepo.