Mdogo wangu, tazama ndani ya mfereji huu

Mdogo wangu mpendwa,

Uliniuliza kinga ya mwili inajuaje kwamba seli ina kirusi, ilhali kirusi chenyewe kimejificha ndani. Nakujibu hadharani kwa sababu wengi wanalo swali hilo.

Seli hukatakata protini zilizomo ndani yake muda wote, za kwake na za kirusi pia. Baadhi ya vipande hivyo, yaani peptidi, hubebwa na protini ziitwazo HLA hadi juu ya utando wa seli, na huko seli T, yaani askari wa kinga ya mwili, hupita zikikagua.

Mwaka 1987, Pamela Bjorkman na wenzake, pamoja na Don Wiley na Jack Strominger wa Harvard, walichapisha umbo la HLA-A2, aina mojawapo ya HLA, walilolipata kwa kupiga eksirei kwenye fuwele zake. Sehemu ya juu ina sakafu ya nyuzi nane bapa na kuta mbili za heliksi, yaani minyororo iliyojisokota kama springi, na katikati umepita mfereji. Lakini mfereji haukuwa mtupu! Kulikuwa na kitu kisicho sehemu ya protini hiyo: mchanganyiko wa peptidi, zilizoing'ang'ania tangu ilipotoka kwenye seli. Mpaka leo nikiitazama picha ile nasisimka. HLA isiyo na peptidi hulegea na kusambaratika. Kinachobebwa ndicho kinachomshikilia mbebaji.

Sogea karibu zaidi. Peptidi ya HLA-A2 kwa kawaida ina asidi amino 9, yaani vijenzi vya protini. Ya pili, mara nyingi leusini, na ya mwisho, mara nyingi valini au leusini, huzama kwenye vishimo vya mfereji. Zile za katikati huinuka, na seli T huzigusa pamoja na kuta zenyewe. Rolf Zinkernagel na Peter Doherty walikwishaonyesha kwa panya, mwaka 1974, kwamba seli T haimtambui mgeni peke yake bila protini ya mwenyeji.

HLA za watu hutofautiana hasa humo mferejini. HLA-B27, kwa mfano, hutaka asidi amino iitwayo ajinini katika nafasi ya pili ya peptidi. Na dawa ya VVU iitwayo abakaviri huingia kwenye mfereji wa HLA-B*57:01, ikabadilisha peptidi zinazoweza kukaa humo. Seli T zikiziona huzidhania ngeni na kushambulia, na mgonjwa anaweza hata kufa. Ndiyo maana jeni ya HLA hiyo hupimwa kabla mtu hajaanzishiwa dawa hiyo.