Jina la kikundi chetu, kabla sijatuma fomu
Habarini wenzangu. Fomu ya kuomba chama chetu cha kitaaluma kitutambue kama kikundi rasmi cha utafiti iko karibu tayari, ila kuna kipengele kinanikera: mada. Tuliandika “siasa na utawala”. Jamani, hiyo si mada, hiyo ni taaluma nzima!

Angalieni kamati za utafiti za IPSA, chama cha kimataifa cha sayansi ya siasa kilichoanzishwa mwaka 1949 kwa msaada wa UNESCO. Kamati ya 1 inashughulikia dhana na mbinu za utafiti, ya 19 jinsia katika siasa na sera. Ukisoma jina tu unajua andiko lako ulipeleke wapi. Sisi atatuandikia mtu wa bajeti za miji na mtu wa mikataba ya kimataifa, halafu uwaweke kwenye jopo moja, kila mmoja anamwangalia mwenzake kama mgeni. Napendekeza tubaki na “siasa za serikali za mitaa”. Mwenye jina zuri zaidi alete.

Mhazini bado hatuna. Mwaka jana nilishika daftari mwenyewe, na risiti mbili za ukumbi sijaziona hadi leo. Sirudii.

Wanafunzi wa uzamivu, nafasi moja ya uongozi ni yenu, msisubiri kuitwa “daktari” kwanza.

Majibu hapa hapa kikundini kabla ya Ijumaa jioni, tafadhali si inbox. Jumamosi asubuhi naituma.