Sosholojia ianzie kituo cha daladala

Ndugu Mhariri,

Vyuo vingi huanza sosholojia, yaani elimu ya jamii, kwa kukaririsha fasili za waasisi wake, Durkheim na Weber, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hubaki na maneno matupu. Tunawasihi walimu waanzie kituoni.

Wanafunzi waende wawiliwawili, kwa mfano Mbagala, dakika 30 asubuhi na 30 saa nane mchana, maana ukitazama asubuhi tu utadhani jiji zima linasukumana. Kila ukurasa wa daftari ugawanywe: kushoto kilichoonekana, kulia tafsiri. Wengi huharibu hapa. Huandika kushoto "konda hana adabu", kumbe hiyo ni hukumu. Kilichoonekana ni konda kuzuia mlango kwa mkono, wanafunzi watatu wa sekondari wakabaki chini.

Ndipo mwalimu aulize: kwa nini wao? Wanalipa nauli pungufu, na jioni konda na dereva wanadaiwa hesabu ya tajiri, mwenye gari. Akibadilishwa konda, mkono utabaki pale pale mlangoni, maana kinachousukuma ni nauli na hesabu, si tabia yake. Durkheim alieleza nguvu hiyo iliyo nje ya mtu mmoja mwaka 1895. Sasa mwanafunzi atamsoma akimwelewa.

Majina ya watu yasiandikwe, wala picha zisipigwe.

Walimu wa sosholojia,
Dar es Salaam