Somo, ufukwe unaoutaka si ule wa mchanga safi

Sunderland, Uingereza, Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji, na Bi Mkubwa mwambie dua zake zinafika. Huku wazima, ila baridi. Nimekaa kimya muda mrefu, unisamehe, lakini leo silali kabla ya kukujibu, maana ile picha uliyotuma ya pakiti ya “vioo vya bahari”, vigae vinavyodaiwa kusagwa na mawimbi, ulivyonunua vya kutengenezea vipuli, imenitia wasiwasi na sitaki uagize pakiti ya pili.

Vile vioo ulivyonunua havikutoka baharini. Vitazame vizuri: vyote kimo kimoja, unene mmoja, laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Hivyo vimezungushwa na mchanga ndani ya pipa la mashine, au vimechovywa kwenye asidi. Kioo kilichosagwa na bahari miaka thelathini, arobaini au zaidi kina ngozi yake. Ukikiweka chini ya lenzi utaona vijishimo na alama ndogondogo zilizopinda kama herufi C, pale mawe yalipokigonga, na ukungu wake hauko sawa pande zote. Ukungu ule hauletwi na kusuguliwa peke yake. Maji nayo hunyonya magadi na chokaa ya kioo polepole. Mashine inaweza kulainisha kingo, lakini hiyo ngozi haiwezi kuitia kwa wiki moja. Vipuli utakavyovitengeneza vitapendeza, sikatai, ila usiwaambie wateja kuwa ni vya bahari. Wanakuamini.

Sasa hili la kunitaka nikutafutie “ufukwe mzuri” utakapokuja kumwona mjukuu mwezi wa tatu. Hapa hapa Sunderland tuna Roker na Seaburn, mchanga mpana, safi, unaweza kusukuma kigari cha mtoto hadi ukachoka. Kwa vioo, huko usipoteze asubuhi yako. Ufukwe wa vioo unahitaji mambo matatu kwa pamoja: mahali palipotupwa kioo kingi zamani, kokoto za kukisaga, na mawimbi yenye nguvu ya kuzigeuza hizo kokoto. Likikosekana moja, utarudi mikono mitupu au utarudi na vigae vikali vya kukukata.

Yote matatu yapo Seaham, mji wa pwani ulio kituo kimoja tu kwa treni kutoka hapa kuelekea kusini. Mwaka 1853 John Candlish alianzisha pale kiwanda cha chupa, na kilifanya kazi mpaka 1921. Mabaki ya kioo yalimwagwa baharini miaka yote hiyo, na mpaka leo mawimbi yanayarudisha. Ndiyo maana vioo vya Seaham ni vinene na vya mviringo kuliko vya kwingine: vingi havikuwa chupa iliyovunjika, vilikuwa mabonge ya kioo kilichoyeyushwa. Na pale rangi mbili tatu zilipomwagika pamoja ndipo vilipotoka vile vya mistari ndani, vinavyowapandisha watu ndege kutoka nchi za mbali. Usiweke moyo wako kwenye hivyo. Utapata vyeupe na vya kijani kibichi kwa wingi, kahawia kiasi, buluu ukijaliwa. Chekundu, ukikipata, piga kelele nisikie.

Siku ya kwenda ichague kwa mwezi. Wewe unayeijua tarehe ya Kiislamu hata jedwali hulihitaji sana: bamvu, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, huku ni kama huko kwetu, siku moja mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Na karibu na tarehe 21 Machi, usiku na mchana vinapolingana, bamvu huwa kubwa zaidi. Seaham maji ya bamvu hupanda na kushuka zaidi ya mita 4. Hata saa zinafanana na za Tanga, maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Jedwali ulitazame hata hivyo, kwa sababu Jumapili ya mwisho ya Machi saa za Uingereza husogezwa mbele, na majedwali mengine hayaongezi hiyo saa moja. Watu hufika wakakuta bahari imegusa ukuta.

Tushuke saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, tuyafuate yakiondoka, na yakigeuka nasi tugeuke. Upepo ukiwa umevuma kwa nguvu kutoka kaskazini au mashariki siku moja mbili kabla, ni heri kubwa: mawimbi huondoa mchanga na kufunua kokoto za chini. Bahari ikitulia wiki nzima, mchanga hurudi na kufunika kila kitu. Mtu akikuambia ufukwe fulani umekwisha vioo, muulize kwanza alikwenda baada ya upepo gani.

Na usitembee tu ukiangaza macho kama anayetafuta pete iliyopotea. Bahari hupanga vitu kwa ukubwa. Tafuta mkanda wa changarawe ya ukubwa wa maharage hadi kunazi, uliolowa maji, kaa chini hapo hapo, kwangua tabaka la juu kwa vidole, sogea hatua moja, rudia. Elekea jua likiwa bado chini. Pwani hii inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi mwanga unapenya kwenye kioo nacho kinawaka, wakati jiwe linabaki jiwe. Kioo kikavu hufanana na jiwe jeupe tu na utakiruka. Chukua glavu zenye mpira viganjani, kipande cha godoro cha kupigia magoti, na mfuko wa wavu ili maji yachuruzike. Kigae chenye ncha kali bado hakijaiva, usikitie mfukoni. Kokoto ziache, sheria za kulinda pwani za hapa zinazigusa.

Kitu kimoja nakuomba usinibishie: usikae chini ya genge, ule ukuta wa mwamba ulio juu ya ufukwe. Mawe ya pale huporomoka bila taarifa, hasa baada ya mvua au baridi kali iliyoyeyuka. Huwa nawaona watu wanaegemea kabisa kupumzika na watoto wao, moyo unaniruka.

Uliuliza kama Tanga hakuna. Kioo kipo, kinachokosekana ni kinu. Miamba ya matumbawe inavunja mawimbi mbali na nchi, na mchanga wetu ni laini, basi chupa hukaa miaka na bado inakata. Jaribu mahali ambapo mwamba una mlango na mawimbi yanaingia mpaka kwenye mawe, penye makazi ya zamani karibu. Ila vigae vya vyombo vya kale, tuseme upande wa Tongoni kwenye magofu, usiviokote hata kimoja. Vinalindwa na sheria ya mambo ya kale ya 1964, na kikishaondolewa pale hakuna tena atakayejua kilikuwa cha nani.

Halafu kutoboa. Najua vingi vilikupasukia. Tumia biti ya almasi ya milimita 2, keekee, yaani drili, ya betri (si ya waya, kwa sababu ya maji), kioo kikae juu ya kibao ndani ya bakuli, maji yakifunike. Anza kwa kulaza biti kidogo mpaka ipate kovu, kisha isimamishe. Mwendo wa polepole, usikandamize, inyanyue kila baada ya sekunde chache maji yaingie. Ukifika nusu, geuza utoboe upande wa pili, matundu yakutane. Kioo hupasuka kwa joto, na hubanduka pale biti inapotokea kwa nyuma, ndiyo maana ya kugeuza. Lile vumbi lisikauke ukalivuta. Kuosha ni maji baridi na tone la sabuni usiku mmoja, na mswaki laini. Mafuta usipake, yanaua ule ukungu ambao ndio tunaouhangaikia.

Lakini ile pakiti, somo. Umeshawauzia wangapi? Unaweza kuwaambia ukweli? Na umelipa kiasi gani, wanaweza kukurudishia? Mama Rukia naye amenunua? Tiketi umekata ya tarehe ngapi, kabla ya Jumapili ile ya mwisho au baada? Mwali yu hali gani, mtoto ananyonya vizuri? Na mguu wako namba ngapi siku hizi, nikuwekee buti za mpira?

Akupendaye,
Somo wako