Hilo jaketi si lake

Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako lilichapisha habari ya mabinti wanaojifunza kuongoza wazamiaji huku kwetu kaskazini Unguja. Mwandishi alieleza kwamba baadhi yao wameacha mafunzo kwa sababu ya kuogopa kina. Habari niliisoma mara moja, picha nikaitazama mara nne. Binti wa kushoto ana mtungi mgongoni, jaketi limempanda mpaka masikioni, kidevu kimezama ndani ya kola, na mkanda wa tumbo umemzunguka hadi ubavuni kwa kukosa tumbo la kushika. Hilo jaketi si lake. Nalijua, kwa sababu nimewahi kulivaa.

Mimi ni mzaliwa wa Matemwe. Mama analima mwani, marehemu baba alikuwa mvuvi wa nyavu. Huu ni mwaka wangu wa 11 nikiongoza wageni kwenye miamba ya Mnemba. Nina urefu wa sentimita 152 na kilo 47 nikiwa nimeshiba. Naanika maungo yangu gazetini kwa sababu ndiyo hoja yenyewe, sitafuti mchumba.

Kwa wasiolijua, jaketi la kuzamia, ambalo sisi kazini tunaliita bisidii, ni mfuko wa hewa unaovaliwa kama fulana. Ukibonyeza kitufe hewa inaingia kutoka mtungini nawe unaelea, ukiitoa, unazama. Hilo kila mtu hulikumbuka. Linalosahaulika ni kwamba jaketi hilohilo ndilo linaloushika mtungi usicheze mgongoni, na mtungi wa alumini tunaoutumia huku, ukijaa, unapita kilo 16 ukiwa nchi kavu.

Kituo nilichoanzia kilikuwa na majaketi 14: XL sita, L sita, M mawili. S hata moja hakuna. Yalinunuliwa kwa ajili ya wageni, na mnunuzi alipomfikiria mgeni alimwona mwanamume wa futi sita. Sisi vibarua tulichukua lililobaki, na linalobaki siku zote ni kubwa kuliko yote.

Siku yangu ya nne baharini tulizama Kichwani, ndivyo unavyoitwa mwamba mmoja wa Mnemba, na mkondo ulikuwa unavuta. Nilibakiwa na baa 60 (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa mtungini), tumesimama mita 5 kwa zile dakika tatu za kuupumzisha mwili kabla ya kupanda. Mtungi wa alumini una tabia yake: ukijaa unazama kidogo, ukikaribia kuisha unataka kuelea, maana hewa uliyoivuta nayo ilikuwa na uzito wake, zaidi ya kilo 2. Basi wangu ukaanza kuelea, jaketi likaufuata, mimi nikaning'inia chini yake kama popo. Mabega ya jaketi yalikuwa juu ya kichwa. Mpira wa kutolea hewa, ambao mahali pake ni kifuani upande wa kushoto, ulikuwa umehamia nyuma ya sikio; napapasa siupati. Na hewa iliyomo ndani hutanuka kadiri unavyopanda. Kutoka mita 5 hadi juu huongezeka nusu nzima. Nikapaa bila kutaka, nikaibukia karibu na boti iliyokuwa imewasha mashine. Nahodha aliizima kabla sijajua nilipo. Mungu ambariki.

Mwalimu alinigombeza mbele ya wageni, kisha akanipa dawa ambayo hata leo naisikia ikitolewa kwenye boti: ongeza risasi. (Msomaji asishtuke, ni vipande vya madini ya risasi vinavyofungwa kiunoni ili mtu azame.) Nikatoka kilo 4, nikaenda 6, nikaenda 8. Kilo 8 kwa mtu wa kilo 47!

Aliyeliona kosa ni baba, ambaye hakuwahi kuvaa mtungi maishani mwake. Nilimsimulia jioni akiwa anashona nyavu. Akaniuliza, "Wavu ukilala upande, mwanangu, utaongeza chubwi au utatazama kamba?"

Kamba! Mimi nilikuwa naongeza chubwi, vile vizito vya kuzamisha wavu. Risasi zikizidi unazama, ukizama unatia hewa jaketini ili usishuke zaidi, na hewa hiyo haitulii. Mita 10 chini shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, kwa hiyo lita moja ya hewa inakuwa nusu lita. Ukipanda kidogo inajivuta tena. Mwenye risasi nyingi ana hewa nyingi, na mwenye hewa nyingi kila akibadilisha kina kidogo anagombana na kitufe. Ukimkuta chini unamwona anapanda na kushuka kama ndoo kisimani, mapezi yanavunja matumbawe, baa zinateketea. Akirudi juu anatetemeka. Halafu anaandikwa gazetini kuwa ni mwoga.

Sasa niseme ninavyowapima mabinti wanaoletwa kwangu, kwa sababu hakuna aliyenipima mimi. Jaketi livaliwe juu ya weti suti, lile vazi la mpira la kuzamia, si juu ya fulana. Lijazwe hewa mpaka likatae, bizimu zote zikiwa zimefungwa, kisha binti avute pumzi ndefu. Akibanwa kifua, ni dogo au amelikaza mno. Baadaye litolewe hewa, mwenzake alishike mabegani na kulivuta juu. Likifika masikioni, hilo ni la mtu mwengine, hata angekaza kila ukanda uliopo. Kanda za mabega zikishavutwa mpaka mwisho na bado zimelegea, usidanganyike kwamba mkanda wa tumbo utaokoa jahazi. Na wanaovaa hijabu kama mimi: pini ibaki nyumbani. Mtandio uingie ndani ya kofia ya weti suti. Nimeshaona pini ikitoboa mfuko, na tundu lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba tulilitafuta kwa sabuni kama la baiskeli.

Mimi mwenyewe niliyaacha majaketi. Mwaka wangu wa tatu nilinunua kwa mwalimu aliyekuwa anarudi kwao bamba la chuma cha pua, lile linalolala mgongoni, na mfuko mdogo wa hewa unaokaa kati ya bamba na mtungi. Vifaa hivi vilianzia kwa wazamiaji wa mapango ya Florida, Marekani, watu ambao wakikosea hawana juu pa kuibukia. Uzuri wake ni kwamba bamba halina saizi ya XL. Kuna ukanda mmoja mrefu wa nailoni, upana wa sentimita 5, unaopita mabegani na kiunoni, na unaukata kwa mwili wako. Wa mwalimu ulikuwa mrefu kwangu kwa zaidi ya dhiraa. Niliukata, nikauchoma ncha kwa kiberiti usifumuke.

Ukanda wa kupita katikati ya miguu haukuwepo. Nilikwenda Mwanakwerekwe kwa fundi anayeshona viti vya magari, akanitengenezea kwa mkanda wa kiti cha gari. Ulipendeza sana. Ulipolowa uliteleza ndani ya bizimu kama mkunga, kwa kuwa ni laini mno. Nikarudi na nailoni ngumu, akashona upya, akakataa pesa ya mara ya pili. Ukanda huo ndio uliomaliza hadithi ya Kichwani: unaushikilia mtungi chini, hauwezi tena kupanda kichwani. Mama aliponiona nauvaa alicheka hadi akakaa chini, akisema nimefungwa kama punda wa mkokoteni. Lakini punda, mama, mzigo wake haumpandi kichwani.

Kurekebisha kulinichukua mizamo sita hivi. Ukanda wa kiunoni nilikuwa nauweka juu, kwenye mbavu, nikawa napumua kwa shida. Ukashuka hadi kwenye nyonga. Mabega niliyakaza sana, kama wanavyofanya wengi wakidhani kubana ndiko usalama, ikawa kila nikivua napigana na mikono yangu. Nikalegeza mpaka vidole vinne vikapita chini ya ukanda. Halafu nikajaribu kuigusa valvu ya mtungi nyuma ya shingo. Sikuifikia. Nikapandisha mtungi kidogo kwenye mkanda wake, nikaifikia. Mkanda wa mtungi, kwa njia, ulowe kwanza ndipo ukazwe: nailoni ikilowa hulegea, na mtungi ulioshikwa vizuri ufukweni unaweza kuchomoka ukiwa mita 18.

Risasi nilizipima mwisho wa mzamo, pembeni ya boti, mtungi ukiwa na baa 50. Unatoa hewa yote kwenye mfuko, unashika pumzi ya kawaida, unatulia bila kupiga mapezi. Maji yakikaa usawa wa macho, umefika. Mimi nilizama kama jiwe. Tukatoa kilo, tukatoa nyingine, nahodha anahesabu huku anacheka. Leo, na weti suti ya milimita 3, bamba lenyewe lina kilo 2 na nusu na risasi ninazoongeza ni kilo 2 tu. Mfuko wangu unaweza kubeba kilo 13 na sijawahi kuujaza chini ya maji.

Kuosha sitalieleza sana. Ila maji ya visima vya huku pwani mengi yana magadi, na chumvi ikikaukia kwenye kitufe cha hewa siku moja kitabonyezeka kisirudi, hewa iingie yenyewe. Ikitokea, chomoa mpira unaoleta hewa, mikono yote miwili, wakati huohuo unaitoa ile iliyokwisha kuingia. Watu wafundishwe kuuchomoa wakiwa wamefumba macho.

Ninachoomba ni kidogo. Wanaokagua vituo hivi kabla ya kuvipa leseni huhesabu vizima moto na majaketi ya kuokolea botini. Wahesabu na saizi za bisidii. Kituo kinachochukua mabinti wa miaka 18 kuwafunza kazi kiwe na XS na S kabla hakijapokea ada. Na wewe mhariri, mtume mwandishi wako arudi kwa wale walioacha, awaulize walikuwa wamebeba risasi kilo ngapi. Jibu aliandike.

Kuhusu binti wa pichani, simjui jina. Kama gazeti litamfikia: ninalo jaketi saizi S, kuukuu lakini halivuji, nililijaribu juzi kwenye pipa la maji. Lipo kwa mama, Matemwe, limetundikwa kwenye uzio wa mwani. Aje siku za maji mafu, kabla ya saa mbili asubuhi, na weti suti yake. Risasi asilete, zipo.

Mwongoza wazamiaji
Matemwe, Unguja
(jina langu unalo, mhariri)